Kingo za kijito shambani: achana na mikaratusi
Mkuu, umeuliza upande nini kwenye kingo za hicho kijito cha shambani kwako Moshi maana kila masika kinamega udongo, na jirani kakushauri mikaratusi. Mikaratusi achana nayo kabisa, inakunywa maji balaa, utakuja kukuta kiangazi kijito hakina kitu. Chukua mikuyu, mizizi yake inashika udongo vizuri na wala huhitaji kuhangaika na miche, kata tawi nene chomeka mvua zikianza linachipua lenyewe, halafu changanya na msesewe (si ndo huohuo magome yake wanatilia mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachagga, kwa hiyo wazee hawatakubali ukatwe hovyo) na mkangazi juu kidogo pasipotuama maji. Pale kwenye tope lenyewe usilazimishe mti, weka matete au mafunjo, yanachuja udongo na mbolea kabla havijaingia mtoni. Mbuzi na ng'ombe wazuie miaka ya mwanzo, la sivyo utakuwa umewapandia majani. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingoni, kwa hiyo kama una migomba inagusa maji anza kuisogeza mdogo mdogo.