Maswali na Majibu: Mji unapoandika upya kanuni za nyasi

Barua za msimu huu zimeelemea upande mmoja: nyasi. Wengi wenu mmenunua nyumba ya kwanza hapa Marekani, tena katika miji midogo ambako bei bado inashikika, na sasa mabaraza ya miji hiyo yanapitia upya kanuni za uwanja wa nyumba. Yanajadili nyasi ziruhusiwe kufika wapi, nini kipandwe mbele ya nyumba, na faini iwe kiasi gani. Nimechagua maswali yanayojirudia. Msimamo wangu nautaja mapema: uwanja uliotelekezwa si sawa na uwanja unaolimwa, na kanuni isiyoona tofauti hiyo itawaumiza watu wetu kwanza.

Nimeletewa barua na mji kwamba majani yangu yamepita inchi 8, nikate ndani ya siku chache. Jirani yangu ana majani marefu kuliko yangu na hakuandikiwa. Huu si ubaguzi? (Baba wa watoto wanne, Iowa)

Ndugu yangu, kata kwanza, halafu ndiyo tuulizane. Inchi 8 ni kama sentimeta 20. Miji mingine huruhusu inchi 10 au 12. Piga picha yenye tarehe kabla ya kukata na baada ya kukata, na barua uitunze.

Ninakuhimiza hivi kwa sababu ukinyamaza, mambo huenda haraka. Kwa kawaida mji hutuma mkandarasi akukatie, kisha unaletewa bili ambayo huwa kubwa kuliko ungemlipa kijana wa mtaani, pamoja na ada ya ofisi. Usipolipa, deni huandikwa juu ya nyumba na kudaiwa pamoja na kodi yake. Huko Dunedin, Florida, mwaka 2018, mwenye nyumba mmoja alisafiri kwenda kushughulikia mirathi ya mama yake. Mtu aliyekuwa akimkatia nyasi akafariki, nyasi zikapita inchi 10, na mji ukaanza kumtoza dola 500 kwa siku. Deni lilikaribia dola 30,000, na mji ukaidhinisha hatua za kuchukua nyumba yenyewe. Kesi yake ilifika mahakama ya shirikisho, na mwaka 2021 jaji akaupa mji ushindi. Tena hiyo ilikuwa baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua, mwaka 2019 katika kesi ya Timbs dhidi ya Indiana, kwamba katazo la Katiba dhidi ya faini za kupindukia linayabana majimbo na miji pia. Kwa hiyo usiitegemee mahakama ikuokoe. Faini ya kila siku isiyo na kikomo inatakiwa kuzuiwa kwenye kanuni, kabla haijampata mtu.

Kuhusu jirani yako: miji midogo mingi haina mkaguzi wa kuzunguka mitaani. Ofisi husubiri mtu alalamike, ndipo inatuma mtu kupima. Anayelalamikiwa ndiye anayeandikiwa, na hapo ndipo chuki za mtaa hupata njia ya kuingilia. Siwezi kukuambia kama wewe umeonewa, lakini unaweza kuangalia. Nenda kwa karani wa mji, omba orodha ya malalamiko na barua za onyo za mwaka uliopita na mitaa zilikopelekwa. Kumbukumbu za namna hiyo kwa kawaida ni mali ya umma. Zikionyesha kwamba barua zote zinaangukia mitaa miwili ya wageni, utakuwa na jambo la kuliambia baraza, na hawataweza kusema ni hisia zako.

Mbele ya nyumba ndiko kuna jua, na huko ndiko nimepanda mchicha, mahindi na maboga. Baraza linataka kuandika kwamba mbele ya nyumba pawe na nyasi tu. Wana haki hiyo? (Mama wa Kigoma anayeishi Ohio)

Shikamoo mama. Inategemea jimbo. Florida kulikuwa na mji, Miami Shores, uliokataza bustani za mboga mbele ya nyumba. Wenye bustani moja waliing'oa ili kukwepa faini, wakahangaika mahakamani kwa miaka, hadi mwaka 2019 jimbo likapitisha sheria inayozuia miji kukataza bustani hizo. Illinois nayo ina sheria ya kulinda haki ya kulima mboga nyumbani, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, baraza lina nafasi kubwa ya kuandika linavyotaka, na ndiyo maana unatakiwa kuwepo kabla ya kura.

Sasa nikwambie jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mchicha wetu una ndugu mbaya katika mashamba ya hapa. Anaitwa Palmer amaranth, gugu linalowatesa wakulima wa soya na mahindi, na limo kwenye orodha za magugu yaliyopigwa marufuku katika majimbo kadhaa, Ohio, Iowa na Minnesota zikiwemo. Mkaguzi ambaye hajawahi kula mchicha akiuona umesimama kiunoni mwako, haoni mboga. Anaona gugu. Hana nia mbaya, ila hajui.

Kwa hiyo msaidie aone. Panda kwa mistari iliyonyooka, zungushia ukingo wa mbao au mawe, weka kibao chenye jina la mmea. Vuna mapema kabla haujatoa mbegu, maana mbegu zikitawanyika kwa jirani utakuwa umempa sababu. Mahindi yasogeze mbali na kona ya barabara, kwa kuwa dereva lazima aone anayekuja, na hilo baraza lina haki kabisa ya kulidai. Halafu omba kanuni mpya itaje kwa maneno wazi kwamba kikomo cha urefu hakihusu mazao ya chakula yanayotunzwa. Sentensi hiyo moja ingeokoa bustani nyingi. Bustani hizi zinalisha nyumba na kuwapa wazee wetu kazi wanayoijua. Kuona nyanya chungu na majani ya maboga yaking'olewa ili pawekwe nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzila ni jambo linaloniumiza, nami sitaacha kulisema.

Nataka kusema barazani lakini Kiingereza changu ni kidogo. Wataniruhusu? (Mama wa Uvira, sasa Maine)

Watakuruhusu, mama, na nakuomba uende. Kanuni ya mji haipiti siku moja. Kwa kawaida husomwa mara ya kwanza, huwekwa siku ya wananchi kutoa maoni, kisha hupigiwa kura katika kikao kingine. Ajenda hubandikwa kabla ya kikao. Kila msemaji hupewa muda mfupi, mara nyingi dakika tatu, kwa hiyo chukua jambo moja tu.

Piga simu kwa karani siku kadhaa mapema uombe mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kwa miaka mingi, hadi mwaka 2025, miongozo ya serikali kuu ilihesabu kumfungia mtu mlango kwa sababu ya lugha kuwa ndani ya katazo hilo. Wakikuambia hawana mkalimani, andika maoni yako, mtu akutafsirie, uyapeleke kwa karani yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mtoto wa shule anaweza kukusaidia kuandika. Ila siku ya kusimama, sema wewe mwenyewe, hata kama ni sentensi mbili, kisha msaidizi amalizie. Madiwani wa mji mdogo mara nyingi ni watu watano au saba, wengi wao wana kazi nyingine mchana. Vikao vyao vingi viti vya wananchi hubaki vitupu, na watu wanne wakija pamoja kwa jambo moja, wanaonekana.

Peleka na picha ya bustani yako.

Diwani wetu anapendekeza tusikate nyasi mwezi wote wa Mei ili nyuki wapate chakula. Wazee wa mtaa wanasema ni uvivu. Ukweli uko wapi? (Kijana, Wisconsin)

Wazo lilitoka Uingereza, kwa shirika la mimea liitwalo Plantlife. Huko kwenu Wisconsin mji wa Appleton ulilichukua mwaka 2020, ukasimamisha kanuni yake ya urefu kwa mwezi huo, na miji mingi ikaiga. Waliouiga walitegemea utafiti uliofanyika Appleton kwenyewe, uliosema nyuki walikuwa wengi zaidi mara tano katika viwanja visivyokatwa. Mwaka 2022 utafiti huo uliondolewa kwenye jarida lililouchapisha, baada ya kuonekana kasoro katika takwimu zake. Diwani wako akiutaja, mwambie kwa heshima.

Hilo halina maana kwamba nyuki hawahitaji msaada. Watafiti wa Shirika la Misitu la Marekani na wenzao walifanya kazi katika nyua za nyumba huko Springfield, Massachusetts, wakalinganisha kukata kila wiki, kila wiki mbili na kila wiki tatu. Nyuki walikuwa wengi zaidi palipokatwa kila wiki mbili. Maua madogo kama dandelioni na klova yalipata nafasi ya kuchanua, na nyasi hazikuwa ndefu kiasi cha kuyafunika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018.

Mimi ningelishauri baraza liachane na mwezi mmoja wa kusamehe na kuadhibu tena kuanzia Juni mosi. Nyasi zilizofika magotini zikikatwa zote kwa siku moja zinaumia, maana kanuni ya watunza nyasi ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na mashine ndogo nayo hukwama. Afadhali kikomo kipandishwe mwaka mzima na watu waachiwe wakate kila wiki mbili. Anayetaka maua ya asili apewe njia yake. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2023 inayoitaka miji iruhusu bustani ya asili inayotunzwa, hata mimea ikipita inchi 8 na kutoa mbegu, mradi magugu yaliyokatazwa yasiwemo. Sheria hiyohiyo inasema wazi kwamba kuacha nyasi za kawaida ziote bila kushughulikiwa hakuhesabiki. Hapo wazee wa mtaa wako wamesikilizwa, na diwani wako pia.

Kwetu uwanja mzuri ni uliofagiliwa, bila jani. Nikiondoa nyasi zote nibaki na udongo mtupu, nitakuwa nimemaliza tatizo? (Mzee wa Tanga, Minnesota)

Shikamoo mzee. Nakuelewa kabisa, uwanja uliofagiliwa alfajiri unamwambia mgeni kwamba nyumba ina watu, na nyoka hana pa kujificha. Lakini hapa utapata barua nyingine. Kanuni nyingi zinakataza udongo mtupu kwa sababu mvua huuchukua hadi kwenye mifereji na mito, na theluji ikiyeyuka unabaki na tope. Weka matandazo ya vipande vya mbao, au changarawe pale kanuni inaporuhusu, au panda klova, ambayo ni fupi na haihitaji kukatwa sana. Utaendelea kufagia njia ya mlangoni.

Tumepanga nyumba. Faini ya majani ni ya nani? (Kentucky)

Mara nyingi mji humwandikia mwenye nyumba, naye anaweza kukudai wewe ikiwa mkataba unasema mpangaji ndiye anayekata. Soma mkataba leo. Kama unasema hivyo, uliza nani anatoa mashine, na upate jibu kwa maandishi.

Tukiruhusu majani marefu, kupe je? Mtoto wangu alipata ugonjwa wa Lyme. (Mama, Maine)

Pole sana mama, na mtoto apone vizuri. Hofu yako ni ya kweli, na ipelekwe barazani pamoja na hoja za wapenda nyuki. Kupe wanaoeneza ugonjwa huo hupenda pembeni mwa msitu, kwenye majani yaliyooza na vichaka. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Magonjwa, CDC, kinashauri nyasi zikatwe mara kwa mara, majani makavu yaondolewe, na uwekwe ukanda wa vipande vya mbao au changarawe wenye upana wa futi tatu kati ya uwanja na msitu. Kwa hiyo sehemu wanayochezea watoto iwe fupi daima. Bustani ya maua marefu ikae mbali na bembea na mlango. Mkague mtoto kila jioni, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele, na kupe aliyemng'ang'ania mtoe mara moja kwa kibano, ukimvuta moja kwa moja bila kumpinda.