Maswali yenu: Hivi hapa Dar sanaa iko wapi?

Safari hii barua nyingi zimekuja na lalamiko moja, mtu anaishi jijini miaka na miaka na hajawahi kukanyaga kwenye maonesho ya picha. Nimechukua chache, nyingine nimezifupisha maana zilikuwa ndefu kuliko foleni ya Ubungo.

SWALI: Dada mambo. Naishi Tabata, nafanya kazi duka la vifaa vya umeme Kariakoo, Jumamosi natoka saa nane mchana, Jumapili ndio nafua na kulala. Kila siku naona watu wanaposti wako kwenye maonesho wamependeza wameshika glasi, mimi nakuja kujua mambo yameshaisha. Halafu naona kama ni mambo ya wazungu na watu wa Masaki. Mtu kama mimi mwenye hela ya mawazo naanzia wapi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Poa mdogo wangu. Hilo la wazungu tulimalize kwanza maana ndio linakimbiza wengi. Ni kweli siku ya ufunguzi utakuta wazungu, utakuta na Waswahili wenzetu waliokuja kuonana wao kwa wao, picha ukutani hata hawazigeukii. Sasa siku hiyo waachie. Maonesho kwa kawaida yanakaa siku kadhaa au wiki kadhaa, wewe nenda katikati hapo pasipo na watu, unaangalia kwa raha zako, ukibahatika unamkuta mchoraji mwenyewe hana kazi anakusimulia kila kitu. Na sehemu nyingi huwa hakuna kiingilio. Watu wanapita nje ya geti miaka mitano wakidhani ndani kunalipiwa!

Halafu wewe una bahati ambayo hujaiona, unafanya kazi Kariakoo. Kutoka hapo mpaka Upanga ni karibu, na Upanga ndiko wapo Goethe-Institut na Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa, wote wanaweka maonesho, muziki na filamu, na mambo yao mengi ni jioni. Foleni ya kurudi Tabata saa kumi na mbili unaijua mwenyewe. Badala ya kusimama kituoni unagombania daladala mpaka shati linachanika, vuka zako Upanga, kaa saa moja na nusu, ukitoka barabara imepumua na kiti unapata. Mimi watu wengi ninaowajua waliozoea maonesho hawakuanza kwa kupenda sanaa, walianza kwa kukimbia foleni, ndio ukweli wenyewe.

Jumamosi ukitoka saa nane nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, barabara ya Eyasi kule kwenye maeneo ya viwanda. Ipo tangu 2008. Usitegemee jumba la kifahari, ni makontena yaliyogeuzwa studio, wasanii wamo ndani wanapaka rangi, wanachomelea vyuma, mwingine amelala tu. Shuka Mwenge chukua bajaji. Pale unaruhusiwa kusogea mlangoni ukasalimia ukauliza unafanya nini, hakuna atakayekuona mshamba, ila ukikuta mtu ameinamia kazi mwache kwanza. Kabla hujaenda angalia kwenye ukurasa wao siku hiyo kuna nini na wamefungua mpaka saa ngapi.

Ile Jumapili ya kufua, siku moja iache nguo, nenda Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Watu wengi walienda na shule wakiwa darasa la nne wakaangalia lile fuvu la kale lililopatikana Olduvai 1959, basi wakaona wamemaliza. Kumbe siku hizi panaitwa pia Nyumba ya Utamaduni, kuna ukumbi wa michezo na sehemu ya maonesho ya wasanii wa sasa, na bustanini kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Raia analipa bei ya raia, beba kitambulisho.

Kuhusu kuchelewa kujua: usifuatilie kumbi peke yake, fuatilia wachoraji. Ukumbi unaposti tangazo mara moja likapotea, mchoraji anaposti kuanzia anaanza kuchora mpaka anagombana na fundi wa fremu, huwezi kupitwa. Ukipenda picha moja andika jina la aliyeichora, ukifika nyumbani mtafute. Ukiwa na wachoraji kama sita hivi kwenye simu yako jiji zima litakufikia.

SWALI: Kwa nini kila mkiongelea sanaa mnasifia Tingatinga? Yale si matembo na matwiga ya kuuzia watalii tu? Kila duka picha ileile. (Mbishi, Sinza)

JIBU: Umekasirika vizuri, na nusu uko sahihi. Picha zinafanana kwa sababu zinanakiliwa, mmoja akichora kitu kikauzika, kesho yake kumi wamekichora. Lakini usimchanganye aliyeanzisha na wanaorudufu. Edward Saidi Tingatinga alitokea kusini huko Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha kama alivyokuja baba yako na wangu, akafanya vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa vilivyokuwepo, hadibodi ya ujenzi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hakusoma chuo chochote. Alikuwa anauza Oysterbay karibu na Morogoro Stores, na 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu. Miaka minne tu hiyo ya kuchora! Ndugu na wanafunzi wake ndio waliendeleza, wakaja kuandikisha ushirika 1990, na mpaka leo ukienda palepale unawakuta wanachora.

Fanya hivi, uliza konda Morogoro Stores akushushe, halafu usianze na kuangalia wanyama. Tafuta zile picha zenye watu, hospitali, mganga, sokoni, mashetani, harusi, utaona Dar yenyewe imo mle na vichekesho vyake. Angalia pia mpaka wa rangi na rangi kama umetulia, kwa sababu ile rangi ya mafuta inachelewa kukauka na mwenye haraka anajulikana tu, mistari inaingiliana. Ukishaona tofauti ya aliyetulia na aliyekimbilia hela ya chakula njoo tubishane tena.

SWALI: Dada nimenunua kinyago nikaambiwa mpingo halisi, nimefuta vumbi na kitambaa kibichi kitambaa kimetoka cheusi. Nimepigwa? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Inaelekea umepigwa, pole. Mara nyingi hiyo ni dawa ya viatu juu ya mti mwingine mweupe. Siku nyingine kabla hujatoa hela geuza kinyago uangalie chini, kwenye kitako, huko huwa hawapaki vizuri, omba ukwaruze kidogo na kucha au funguo. Mpingo ni mweusi mpaka ndani, mara nyingi umebakiza mstari wa rangi ya njano ya mti wa nje, na ni mzito, kipande kidogo ukikishika unashangaa, ukikitumbukiza kwenye maji kinazama. Pale Mwenge, barabara ya Sam Nujoma, usiishie kwenye maduka ya mbele, nenda nyuma wanakochonga. Mchongaji akiwa na patasi mkononi na vumbi la mti miguuni hawezi kukudanganya sana kuhusu mti uliopo mbele yako. Ila bei ongea kwa adabu, kinyago cha ujamaa kile cha watu wamebebana ni kazi ya siku nyingi, ukimtajia buku tano unamtukana.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa watoto watatu. Wa pili ana miaka 15, anachora kila mahali, daftari la hesabu limejaa sura za watu. Baba yake anasema ni bangi inakuja. Nimfanyeje? (Mama, Mbagala)

JIBU: Shikamoo mama. Bangi haiji kwa penseli, mwambie baba nimesema kwa heshima. Na mpe na hii, Sam Ntiro alikuwa mchoraji kutoka Kilimanjaro, alisoma Makerere, mchoro wake wa 1956 uko kwenye jumba la sanaa la MoMA kule New York, na nchi ilipopata uhuru yeye ndiye alikuwa balozi wetu Uingereza. George Lilanga naye, huyu wa kusini, alipokuja Dar alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa miaka ya 70, ndani ya muda mfupi akawa mmoja wa wasanii wenyewe na kazi zake zikazunguka dunia. Lile jengo la Nyumba ya Sanaa halipo tena, limevunjwa, na mimi mpaka leo nikipita pale roho inauma.

Sasa sikudanganyi kwamba wachoraji wote wanakula vizuri, wengi wanahangaika. Kwa hiyo usimtoe kwenye hesabu, ila usimchanie michoro. Mnunulie daftari lake la kuchorea, lile la hesabu libaki la hesabu. Mtaani kwenu lazima yupo fundi wa kuandika vibao vya saluni na maduka, muombe amkubali likizo, atajifunza kupima herufi, kuchanganya rangi na kuongea na mteja, na atarudi na hela ya mkate. Akipenda katuni muonyeshe za Masoud Kipanya na za Gado, huyu Gado ni mtoto wa Dar aliyekwenda kutikisa magazeti ya Nairobi. Akimaliza shule kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, kuna idara ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nafasi nao wana mafunzo kwa vijana. Wikiendi moja mpeleke na baba yake aende, asibaki nyumbani kuhukumu.

SWALI: Niliposti mchoro wangu, baada ya miezi nimeukuta kwenye fulana zinauzwa barabarani, jina langu limefutwa. Nina haki au nilie tu? (Mchoraji, Temeke)

JIBU: Una haki kaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipochora, na ulinzi huo unakwenda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, sio ndiko kunakokupa haki ila kunakupa ushahidi, na huo ndio watu wengi hawana. Kusanya mchoro wenyewe, rasimu zake, ile posti ya kwanza yenye tarehe, nunua fulana moja na risiti kama ipo, peleka kwao. Anayeuza barabarani usimvamie, yeye kanunua jumla, muulize taratibu kachukua wapi. Kuanzia leo ukiposti weka picha yenye ubora mdogo na jina lako liwe katikati ya mchoro, sio pembeni ambako mtu anakata kwa sekunde mbili.

SWALI: Naenda Nairobi kikazi, nina mchana mmoja tu. Niende wapi? (Msafiri, Kigamboni)

JIBU: Kama uko mjini nenda Nairobi Gallery, Kenyatta Avenue, kwenye lile jengo la zamani la serikali, kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais 1966, mtu aliyependa vitu vya sanaa kuliko siasa. Kama una gari la kazini na dereva mwelewa, mwambie akupandishe barabara ya Limuru mpaka Banana Hill, kuna jumba la maonesho la wachoraji. Na jioni panda matatu iliyochorwa kuanzia bampa mpaka dari, lakini sio ukiwa unawahi ndege.