Seva ya hifadhidata: kuwasha, kuzima, na kugoma

PostgreSQL yangu (seva ya hifadhidata) ikikwama nikiizima, napiga `kill -9`, amri ya kuua programu papo hapo. Kuna ubaya?

Upo. `kill -9` haiipi seva nafasi hata ya kuwaaga watoto wake: michakato midogo inaweza kubaki ikielea na memori ya pamoja isiachiwe, kisha kuwasha tena kunakuwa kazi.

Tena huenda haijakwama. Kabla ya kuzima, inamwagia diski data iliyokuwa bado kwenye memori, na diski ikiwa nzito utasubiri. Kama umeiwasha kwa `pg_ctl`, amri yake ya kuwasha na kuzima, chagua namna ya kuzima kwa `-m`. `smart` inangoja kila aliyeunganishwa aondoke mwenyewe. Mmoja akisahau dirisha wazi, utakesha. `fast` inawakata wote, inafuta miamala isiyokamilika, kisha inafunga kwa utaratibu. Hiyo ndiyo inayotumika usipotaja chochote, tangu toleo la 9.5. `immediate` iachie siku ya moto: ikiwaka tena lazima ijirekebishe kwanza kwa kusoma WAL, kumbukumbu ya mabadiliko yaliyoandikwa kabla.

Kwenye Ubuntu, `systemctl status postgresql` inasema `active`, lakini pembeni imeandika `exited`. Iko hai au imekufa?

Jibu haliko hapo. Huduma hiyo ni mwavuli tu, seva yenyewe iko chini yake. Andika `pg_lsclusters` uone toleo, poti (kwa kawaida 5432) na hali. Ukikuta `down`, na toleo ni 16: `sudo pg_ctlcluster 16 main start` (`main` ni jina la seva ulilolikuta kwenye orodha hiyo).

Umeme ukikatika na kurudi, MySQL, seva yangu nyingine ya hifadhidata, haiwaki mpaka niiwashe mwenyewe.

Uliipa `start`, hukuipa `enable`. Ya kwanza ni ya sasa hivi, ya pili ni ya kila kompyuta inapowaka. Maliza yote mawili: `sudo systemctl enable --now mysql`. Kwenye Linux za jamii ya Red Hat jina huwa `mysqld`.

Ikigoma bado, soma `journalctl -u mysql -n 50` (ujumbe wa mwisho wa huduma), halafu `df -h` (nafasi ya diski). Mimi nimewahi kupekua mipangilio usiku kucha, kumbe diski imejaa.

Na Windows?

`net stop MySQL80`, kisha `net start MySQL80`, kama hukubadilisha jina wakati wa kusakinisha toleo la 8.0. Ukinyimwa ruhusa, fungua dirisha la amri kama msimamizi.