Ukiinua Mkono, Nasimama

Swali la wiki hii linauliza: ni neno gani la mpendwa wako aliyetangulia ambalo bado unaishi nalo? La kwangu ni la kaka yangu mkubwa. Alikuwa daktari wa meno kwa miaka 26, na kila aliyeketi kwenye kiti chake, mtoto kwa mzee, alimwambia jambo hilo hilo kabla ya kugusa chochote: "Ukiinua mkono, nasimama."

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu nadhani neno hilo lilianza kabla hajajua kwamba atakuwa daktari.

Nilikuwa na miaka 9, yeye 16. Niliteleza ngazini nikaanguka kifudifudi, jino la mbele la juu likang'oka zima na mzizi wake. Yeye ndiye aliyefika kwanza. Aliliokota, akaona limejaa damu na mchanga, akalisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa, kisha akalifunga kwenye karatasi na kulitia mfukoni mwa shati lisipotee. Yote hayo aliyafanya kwa mapenzi, huku mikono ikimtetemeka. Kesho yake daktari alipoifungua ile karatasi alinyamaza kwanza. Halafu akamweleza bila kumkaripia: kwenye mzizi wa jino kuna utando mwembamba wenye uhai, na huo ndio unaolishikiza kwenye mfupa. Ukiusugua umeufuta. Ukiuacha ukauke umekufa. Jino lingeshikwa upande mweupe, lingesuuzwa haraka kwa maji safi na kurudishwa kwenye tundu lake pale pale, au lingetiwa kwenye maziwa na kuwahishwa kwa daktari ndani ya nusu saa hivi, huenda lingeshika tena.

Njia nzima ya kurudi nyumbani kaka hakusema kitu. Usiku nilimsikia analia chini ya shuka. Mimi nilikuwa nimeshayasahau maumivu, nikamwambia halinisumbui tena, na ilikuwa kweli. Yeye hakulisahau lile jino maisha yake yote.

Alipofungua chumba chake cha kazi, ukutani mbele ya benchi la wanaosubiri alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, herufi kubwa: JINO LIKING'OKA KWA AJALI, SHIKA UPANDE MWEUPE. USIGUSE MZIZI. USISUGUE. LIRUDISHE MAHALI PAKE AU LITIE KWENYE MAZIWA. KIMBIA. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliongeza kwamba jino la utotoni halirudishwi, maana unaweza kuliumiza la ukubwani linalokua chini yake. Siku moja akanipigia simu, sauti imempanda. Wiki mbili kabla, mama mmoja aliyewahi kuisoma karatasi ile alimletea mwanawe wa miaka 10, na jino likiwa kwenye kikombe cha maziwa. Kaka alikuwa amelirudisha na kulifunga kwa waya kwenye meno ya jirani. "Leo nimeutoa waya, mdogo wangu. Limeshika. Limeshika!" Nikasikia kwamba analia, kama usiku ule.

Kwa miaka miwili nilifanya kazi kwake, nikiandika majina ya wagonjwa na kuchemsha vifaa. Ndipo nilipomwona kwa karibu. Aliwahi kuniambia: "Hebu fikiria. Umelala chali, mdomo wazi, mikono ya mtu mwingine imo ndani, na huwezi kusema hata neno moja. Umebaki na mkono tu." Kwa hiyo mkono huo aliuheshimu. Wapo wanaosema hivyo hivyo kisha ukiinua wanakujibu "bado kidogo tu, tunamaliza". Kaka alisimama. Alitoa vifaa mdomoni, akavirudisha kwenye sinia, akasogeza kigoda chake nyuma ili mtu aone kwa macho kwamba amesimama, akasubiri. Hata kama ilibaki nusu dakika kazi iishe.

Namkumbuka mzee mmoja mwenye mwili mkubwa, gego la chini limeoza mpaka kwenye mzizi. Hakuwa amelala siku tatu. (Jino bovu hukolea usiku, kaka alikuwa akieleza, kwa sababu ukilala damu hujaa kichwani, na kiini cha jino kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Waliompigia simu usiku aliwaambia waongeze mito, kisha wawahi asubuhi.) Mzee huyo alikuwa akitokwa jasho. Miaka mingi nyuma, mahali pengine, aliwahi kung'olewa jino ganzi haijashika. Kaka aliipasha moto dawa ya ganzi kiganjani kwanza, maana ikiwa baridi huuma zaidi. Akalivuta shavu na kulitikisatikisa kwa kidole gumba huku sindano ikiingia, akaisukuma dawa polepole kabisa. Kisha hakufanya chochote. Alikaa. "Tunangoja mdomo wako uwe mzito, hatuna haraka." Akaugusa ufizi, akauliza. Akaugusa tena, akauliza. Mzee aliinua mkono mara nne, na mara zote nne kigoda kilirudi nyuma. Gego lilipotoka alikuwa bado anasubiri kung'olewa; ilibidi aonyeshwe.

Alipoondoka nilisema, kwa ujinga wa ujana, kwamba mtu mzima namna ile anaogopaje sindano. Kaka alinigeukia. Hakuwa mtu wa kukasirika, lakini siku ile alikasirika. "Anayeogopa ana sababu," akasema, "na mara nyingi sababu yenyewe ni mmoja wetu."

Alimpenda sana Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani ambaye mwaka 1844 alikubali kung'olewa jino lake mwenyewe akiwa amevuta gesi ya kuchekesha, ili ajue kama kweli inazuia maumivu. Kisa hicho alikisimulia kila mara ganzi ikingojwa. Kilichomfurahisha ni kwamba mtu wa kazi yake alianza na jino lake kabla ya kugusa la mgonjwa.

Kazi ilimla shingo na mgongo, kama inavyowala wengi wa fani hiyo, na mikono yake ilinukia mafuta ya karafuu hata siku za mapumziko. Kilichomchukua lakini ni ugonjwa wa kongosho. Ilikuwa miezi minne tu tangu aambiwe.

Wiki za mwisho kinywa chake kilikauka, midomo ikapasuka, na hakuweza tena kushika mswaki. Nikamwomba anifundishe nimsafishe. Akanifundisha kwa sauti iliyobaki: mswaki laini, maji kidogo sana, anza nyuma, mviringo mdogo mdogo penye ufizi, usisahau ulimi. Nilivikunja vidole vyangu ndani ya kinywa kilichowahi kuwaelekeza mamia ya watu jinsi ya kufungua vya kwao. Meno yake yalikuwa mazuri. Niliyahesabu bila kukusudia: 29.

Usiku mmoja nilikuwa nimechoka, nikaharakisha. Nikaona vidole viwili vimeinuka juu ya shuka. Si mkono, hakuwa na nguvu ya kuinua mkono, vidole viwili tu. Nikautoa mswaki, nikauweka kwenye bakuli. Nikasogeza kiti nyuma. Alifumba macho akapumua, kitambo kirefu, kisha vidole vikashuka, nikaendelea. Hatukusema neno. Alifariki siku ya tatu yake, alfajiri, nikiwa nimemshika mkono.

Binti yake wa mwisho ana miaka 6. Mwezi uliopita jino lake la kwanza la mbele lililegea mpaka likabaki kwa uzi, akaja kwangu na kitambaa safi, akaniambia nilitoe mimi. Nikamkalisha karibu na dirisha penye mwanga, nikamwambia: ukiinua mkono, nasimama. Akaniangalia sana. Akafungua mdomo, na kabla sijaligusa hata jino akainua mkono. Nikarudi nyuma. Akaushusha, akauinua tena. Nikarudi tena. Mara ya tatu pia. Ndipo akaiweka mikono yote miwili mapajani, akafumba macho.