Kuunga plaiwudi za boti: chonga mshazari

Ndugu, umeuliza utaungaje plaiwudi mbili za futi 8 upate ubavu wa boti ya futi 14 bila kiraka kwa ndani. Chonga ncha zote mbili mshazari, urefu wake uwe mara 8 ya unene: plaiwudi ya milimita 6 inataka milimita 48. Zilaze moja juu ya nyingine ukingoni mwa meza, ya juu irudi nyuma milimita 48, uzipige randa kwa pamoja, kisha ugeuze ya juu ili mishazari miwili ilaliane. Tazama mistari ya matabaka: ikinyooka umepatia, ikipinda pana bonde. Noa randa mara kwa mara, maana gundi ya plaiwudi inaua makali.

Wengi huharibu kwenye gundi. Paka kwanza epoksi (gundi ya sehemu mbili za kuchanganya) nyepesi, mbao inywe, ndipo uongeze epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wake. Ukiruka hapo, mbao itanyonya gundi na kiungo kitabaki kikavu. Tandika nailoni chini na juu, pigilia vimisumari viwili zisiteleze, weka ubao na uzito wa kadiri. Tafadhali usibane sana, gundi itatoka yote! Mimi huacha siku mbili kabla ya kukunja plaiwudi ifuate umbo la boti.