Umeuliza hela, nakujibu kontroli

Mwanangu Salma,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza uache kazi ya hospitali uende kwenye hiyo maabara ya utafiti wa TB, mkataba miaka 2, na je hela inatosha. Hela ni ya mradi, mradi ukiisha na yenyewe imeisha, hilo unalijua vizuri, ada yako yote ililipwa na miradi.

We ngoja nikwambie habari ya kontroli hasi, ile tyubu isiyotakiwa kuonyesha kitu. Unakumbuka mahafali yako ya darasa la 7 sikutokea, baba yako akakaa na soda mbili peke yake? Nilikuwa mbele ya mashine ya PCR, ile inayonakili DNA mzunguko kwa mzunguko mpaka ionekane. Tulikuwa tunatafuta usugu kwenye jeni ya mdudu wa TB inayoitwa rpoB, ikibadilika pale mdudu haisikii rifampisini, dawa kubwa ya TB. Makohozi tumeshayasafisha, DNA tumetoa, na kila raundi kuna tyubu moja naweka maji matupu. Maji, Salma! Mstari wake kwenye skrini unatakiwa ulale chini mpaka mwisho. Mzunguko wa 30 na kitu nikauona unainuka, nikafuta miwani kwanza, nikarudia na maji mapya na pipeti nyingine, ukainuka tena. Yani DNA imeshachafua chumba na majibu ya miezi 2 yote hayaaminiki.

Bosi ananiambia eti ni tyubu moja tu, tuendelee. Nikakataa. Kontroli haina rafiki, hayo maneno mnayonichekea kila siku hapo nyumbani. Tukatupa, tukaanza upya, na paper ya utafiti ilipotoka jina langu halimo. Mpaka leo nikikumbuka nasonga ugali kwa hasira.

Sasa usidhani nakukataza. Babu yako makohozi yake yalioteshwa maabara wiki 8 kusubiri wadudu wakue, huku anameza dawa hakuna anayejua kama zinamfaa. Leo mashine ya GeneXpert chini ya masaa 2 inakwambia ni TB na kama rifampisini inagoma. Hiyo imetokana na watu waliokubali kurudia. Nikiwaza hivyo natamani kusema nenda, halafu ile paper inanijia tena.

Basi mi siamui, we mtu mzima. Ila kwenye intavyuu waulize mchanganyiko wa PCR wanautengenezea chumba gani na DNA wanaifungulia wapi. Wakikwambia meza ni hiyo hiyo, nipigie kabla hujasaini.

Mama