Maswali ya Wasomaji: Yoga kwa Aliyepitia Makubwa

Mwangaluka dada. Mi nafundisha yoga kikundi cha kinamama hapa Kirumba, wengi wanauza dagaa pale mwaloni, wanakuja jioni migongo inawauma. Juzi nilimshika mmoja kiuno nimnyooshe akashtuka akanisukuma, afu akaanza kuniomba msamaha huku analia. Baadaye nikaambiwa pembeni kwamba mume aliyeachana naye alikuwa anampiga sana. Je, niwe naomba ruhusa kwanza kabla ya kumshika mtu? – Mwalimu, Kirumba

Mwangaluka mdogo wangu. Kwanza yule mama hana kosa lolote la kuombea msamaha, na natamani umwambie hivyo mkiwa wawili tu. Mwili ukishazoea kwamba mkono ukija ghafla ni kipigo, hausubiri akili ichambue huu ni mkono wa nani, unajihami kwanza, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, akili inafika baadaye na hapo ndo aibu inaanza.

Kuhusu ruhusa, wengi watakwambia omba na inatosha. Mi sikubaliani, angalau sio huku kwetu. We ni mwalimu, wengine wanakupa shikamoo hata kama umri wenu unalingana, sasa unamsimamia mtu mbele ya wenzake unamuuliza nikushike kidogo? Atasema ndiyo hata kama mwili wote unakataa, maana tumelelewa kwamba mwalimu hakataliwi, na aliyeishi na mume mkali ameshajifunza kwamba hapana yake inaleta balaa. Hiyo ndiyo yake haina uhuru ndani yake. Kwa hiyo acha kushika kabisa. Onyesha kwa mwili wako, elekeza kwa mdomo, na kama goti la mtu halijanyooka ulivyotaka basi liache lilivyo, mradi haumii.

Na huo mdomo wenyewe uangalie. "Inua mkono, shikilia hapo, usishushe" ni amri, na amri wameshazisikia za kutosha nyumbani. Sema "ukipenda inua mkono, au uache ulipo, vyote sawa", halafu umaanishe kweli, sio mtu akiuacha unamkazia macho. Usizunguke nyuma ya migongo yao, kaa sehemu moja wanakuona, ukitaka kwenda kufungua dirisha sema kabla hujaondoka. Wasikae wameupa mlango mgongo, na aliye karibu nao ajue anaweza kutoka bila kuaga. Zile kamba za kufungia miguu usizilete, huwezi jua nani aliwahi kufungwa. Mikao ya kupanua mapaja au kuinama makalio yakiwa juu iwe ya hiari na ya baadaye sana, na akitaka kujifunika khanga ajifunike.

Kuna kitu walimu hawakioni. Tunamuogopa anayelia, kumbe wakati mwingine wa kumwangalia zaidi ni yule mtulivu anayefuata kila neno, hasogei, macho yametua sehemu moja. Kuna watu ambao mwili ukizidiwa haupigani wala haukimbii, unaganda. Tunamsifia mwanafunzi mzuri wakati hayupo kabisa. Ukiona hivyo punguza kasi, warudishe wote kwenye kitu rahisi, kukanyaga sakafu, kutazama ziwa dirishani, kutaja rangi wanazoziona, usimtaje yeye jina.

Habari dada. Mi ni mvuvi wa Ukerewe. Boti letu lilipinduka usiku kwa dhoruba, wenzangu wawili hawakupatikana, na tangu hapo usingizi wangu ni wa kushtuka shtuka. Shemeji akanipeleka yoga mjini Mwanza, tulipofika pale pa kufumba macho na kubana pumzi niliona niko majini kabisa, nikatoka mbio. Wananiambia vumilia utazoea. Nivumilie? – Mvuvi

Pole sana kaka yangu, na pole kwa wenzako. Usivumilie. Ulivyotoka nje ulifanya vizuri.

Kinachotokea ni hiki: ukibana pumzi hewa chafu ya kaboni dayoksaidi inapanda kwenye damu, na ubongo ukiiona inapanda unapiga kengele kwamba unakosa hewa, hiyo ni kwa binadamu yeyote. Sasa mtu aliyewahi kuzama kengele ile ile ilishalia siku ya kufa na kupona, kwa hiyo mwili unaunganisha, na macho yakiwa yamefumbwa hakuna hata cha kukuonyesha kwamba uko nchi kavu chumbani na watu. Ndo maana naomba walimu wote wa huku kandokando ya ziwa wanisikie, kubana pumzi na zile pumzi za kupiga haraka haraka zisiingie kwenye darasa la watu wenye kiwewe. Hapa mtu aliyeguswa na ajali ya meli ya MV Bukoba ya 21 Mei 1996 anaweza kuwa jirani yako wa mkeka, makaburi ya waliokufa yako Igoma tunapita kila siku, na MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara 20 Septemba 2018 ilichukua watu 228, hesabu sasa wake, waume, na watoto waliobaki. Tarehe hizo zikikaribia wapo watakaokuja miili imekaza na wenyewe hawajui kwa nini, mwalimu azijue, siku hizo afundishe taratibu.

Wewe anza bila somo la pumzi kabisa. Macho wazi, umesimama au umekaa kwenye kiti, nyayo chini, bonyeza sakafu uone inakubeba, geuza shingo taratibu utazame mlango uko wapi. Ukishazoea hapo, na ukitaka, toa pumzi ndefu kidogo kuliko unavyovuta, kama unapuliza chai, usihesabu wala usibane, maana kutoa pumzi taratibu kunasaidia mapigo ya moyo kushuka. Ikianza kubana kifua acha, angalia nje, tembea. Na ule mlalo wa mwisho wa chali sio lazima, kaa umeegemea ukuta wenzako wakilala. Mwalimu akikulazimisha tafuta mwingine. Ila kwa huo usingizi nenda pia hospitali, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko haimaanishi una kichaa, ni kwenda kutibu mshtuko ambao ni ugonjwa kama mwingine.

Mchungaji anasema yoga ni ibada ya Kihindu, nifanyeje? – Pasiansi

Chimbuko lake ni India na lina dini ndani yake, mwalimu asiwafiche watu hilo. Darasani mi siweki nyimbo za ibada wala udi, kwanza harufu ya udi inaweza kumrudisha mtu msibani. Ila kama dhamiri yako inakataa usijilazimishe mpenzi, kutembea na kuimba kwaya navyo vinakutanisha pumzi na mwili.

Dada, najitolea na kikundi cha mabinti Buhongwa waliofanyiwa ukatili. Nataka kuanzisha yoga. Nianze kwa kumhoji kila mmoja alipitia nini ili nijue? Na je, yoga inaponya kweli? – Mwanaharakati

Usiwahoji. Chukulia kwamba yeyote anaweza kuwa amepitia, fundisha wote kwa upole ule ule, waulize tu kuhusu ujauzito, presha, majeraha. Kusimulia kunahitaji mtu aliyesomea kupokea simulizi, na anayeanza kusimulia mwenyewe msikilize, usimchimbe, yabaki kwako. Kama bado anaumizwa muombe mwende pamoja kwa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kwa mtoto kuna simu ya msaada 116.

Inasaidia, ndiyo. Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake kule Marekani walitoa utafiti wa wanawake 64 ambao matibabu yalikuwa hayajawamalizia kiwewe. Nusu walipata yoga ya namna hii saa moja kwa wiki kwa wiki 10, nusu nyingine masomo ya afya ya wanawake. Mwisho kati ya 31 wa yoga 16 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kiwewe, upande wa pili ni 6 kati ya 29. Ni matokeo mazuri sana, ila angalia, 15 walibaki nao, na yoga ilikuja juu ya matibabu mengine, haikuchukua nafasi yake. Usiwaahidi mabinti kupona.

Muda uwe ule ule, mwalimu yule yule, chumba kile kile, uwaambie mwanzoni leo tutafanya nini na tutamaliza saa ngapi, halafu mmalize saa hiyo kweli. Binti asipokuja mtumie meseji fupi tu, Jumamosi tupo kama kawaida, karibu. Usimuulize kwa nini hakuja, na asipojibu usimpigie pigie.